Mwaka wa Taja, Eleza na Jadili

Jedida alinipigia simu katikati ya wiki nikiwa nasahihisha karatasi za wanafunzi, akasema Jumamosi ananitaka kwake Gilgil, na nije na njaa. Nilipofika nilikuta nyumba mpya ya mawe yenye paa jekundu, mlango bado unanuka vanishi, na yeye mwenyewe jikoni amejifunga leso kiunoni, anaamuru watu kwa mwiko. Alikuwa amestaafu, na nyumba hiyo aliijenga polepole kwa miaka mingi, chumba kimoja baada ya kingine. Sebuleni nilimkuta Korir, ambaye nilimjua akiwa kijana mwembamba wa boda boda. Sasa ana kitambi na duka la vipuri vya pikipiki kule Section 58, Nakuru, na anazungumza bila kusimama. Tulikula mbuzi, tukala chapati, tukala viazi vya kupondwa vyenye majani ya maboga, halafu Jedida akamvuta mjukuu wake na kumwonyesha mimi. "Unamwona huyu? Huyu ndiye ticha aliyenifundisha kufunga mdomo kwenye mtihani." Korir akadakia, mdomo bado umejaa, "Na mimi akanifundisha kufungua wangu." Yule mtoto alitutazama mmoja mmoja, asielewe kinachotuchekesha hivyo. Wanafunzi wangu pia huniuliza ilikuwaje nikaingia katika kufundisha uchumi, na siku zote huwapa jibu fupi. Niliporudi nyumbani Nakuru jioni hiyo nilikaa mezani, nikaanza kuandika lile refu.

Sitaeleza sana ilikuwaje msichana aliyetoka tu shule ya bweni akajikuta anaishi Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, katika chumba cha kupanga. Mambo ya nyumbani yana sura zake. Inatosha kusema kwamba enzi hizo, ukimaliza kidato cha nne, ulingoja zaidi ya mwaka mzima kabla ya chuo kikuu kukuita, na kanisa moja la pale lilikuwa linatafuta mtu wa kufundisha watu wazima waliotaka kufanya mtihani wa sekondari wakiwa kazini. Walinipa chumba na pesa kidogo za chakula. Chumba chenyewe kilikuwa katika ploti ya mistari miwili ya vyumba vinavyotazamana, ujia wa saruji katikati, na mwishoni bomba moja ambalo maji yake yalikuja yakipenda. Nilikuwa na kitanda, jiko la makaa, sufuria mbili na dirisha dogo lililoniletea vumbi asubuhi na mwanga wa jua jioni. Ukuta kati yangu na jirani ulikuwa wa mbao na haukufika kwenye paa. Harufu ya vitunguu vyake ilipita juu ya mbao, redio yake ilipita, kikohozi cha binti yake kilipita, na maneno yake yote, ya kunong'ona na ya kupaza, yalipita kana kwamba tunalala chumba kimoja. Jirani huyo ndiye Jedida, ambaye ploti nzima ilimwita Mama Faith.

Wiki ya kwanza alinikuta mlangoni nikipambana na makaa yasiyotaka kushika, akaninyang'anya kipepeo bila kuniuliza. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwaya, kutoka magharibi mwa Kenya, na alikuwa amefanya kazi ya kupanga waridi kwa gredi katika shamba moja la maua tangu kabla Faith hajazaliwa. Wafanyakazi wenzake walikuwa wamemchagua awasemee kwa wakubwa. Huku akinimenyea viazi, ambavyo pia hakuniuliza kama nataka vimenywe, alinieleza shida yake. Kila nafasi ya usimamizi ilipotokea pakihausi, pale maua yanapopangwa na kufungwa, ilikwenda kwa kijana aliyekuja na cheti. Na kila kijana alipofika, Jedida ndiye aliyepewa kazi ya kumfundisha kazi. Mara ya mwisho meneja alimwambia waziwazi kwamba akileta cheti cha sekondari chenye alama nzuri ya Biashara, atafikiriwa. "Sikutaka huruma," Jedida alisema. "Nilitaka aniambie kitu ninachoweza kushika. Sasa ameniambia. Nishikishe." Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimwambia nitamshikisha, kwa ujasiri wote wa mtu ambaye hajawahi kufundisha hata siku moja.

Darasa letu lilikuwa ukumbi wa watoto wa Sunday school nyuma ya kanisa, na viti vilikuwa vya watoto, hivi kwamba watu wazima walikaa magoti yakikaribia kidevu. Tulikutana Jumamosi alasiri na Jumapili baada ya ibada. Walikuja na harufu ya majani mabichi kwenye nguo, vidole vimechomwachomwa na miiba. Korir alikuja na koti la pikipiki na kukaa karibu na mlango ili asikie mteja akipiga honi. Somo la Biashara, ambalo nusu yake ni uchumi mtupu, nililiogopa kuliko yote, kwa sababu shuleni nililipita kwa kukariri. Siku ya kufundisha mahitaji na ugavi nilianza na mfano wa nyanya, kama nilivyofundishwa. Jedida akainua mkono. "Ticha, wacha nyanya. Ongea Valentaini." Na darasa likawaka. Wakasema jinsi kila Februari wanavyofanya kazi mpaka miguu inavimba kwa sababu dunia nzima inataka waridi siku moja, na jinsi wiki chache baadaye ua zuri vilevile linatupwa shimoni kwa kukosa wa kulinunua. Mimi nilisimama ubaoni na chaki yangu, nikichora tu mistari miwili inayokatana, na kila nilipochora walisema, "Ee, hapo hapo." Nilirudi chumbani nikiimba. Niliamini watu hawa watapita wote, na kwamba mimi ni mwalimu hodari sana.

Mwezi wa Julai tukafanya mtihani wa majaribio, kwa karatasi niliyoazima kutoka shule moja ya sekondari, na wote wakaanguka. Hakuna aliyekaribia kupita. Nakumbuka nikiwa nimekaa kitandani, karatasi zimetandazwa kwenye blanketi, nikisoma majibu ya watu ambao wiki iliyotangulia walinieleza mambo yale yale kwa ufasaha uliofanya nijisikie mwanafunzi. Mtihani ulikuwa kwa lugha ya Kiingereza, lakini Kiingereza chao kilitosha. Shida ilikuwa kwingine, na sikuiona. Swali moja liliwataka watoe kwa ufupi majukumu matano ya benki, na neno lililotumika lilikuwa 'highlight'. Korir, ambaye alikuwa amewaona watoto wa shule wakitumia kalamu nene ya manjano iitwayo highlighter, alitafuta kalamu hiyo na kupaka rangi maneno matano katika swali lenyewe, vizuri sana, bila kuvuka mstari. Pale alipotakiwa kueleza aliandika neno moja moja, kama mtu anayelipia kila herufi. Jedida alikuwa kinyume chake. Swali la kwanza lilimtaka ataje aina mbili za ukosefu wa ajira, alama mbili tu, mistari miwili inatosha. Yeye alijaza kurasa mbili. Aliandika aina zote anazozijua, sababu zake, madhara yake, na habari za ndugu yake aliyepoteza kazi kiwandani, mpaka jinsi mke wake alivyorudi kwao. Saa ya kukusanya karatasi ilipofika alikuwa hajagusa maswali matatu ya mwisho, yale yenye alama nyingi.

Mzee Ezekieli, mzee wa kanisa aliyesimamia ukumbi, alikuja kuniona baada ya ibada. Alikuwa mtu mpole, aliyevua kofia hata mbele ya watoto, na upole wake ndio uliofanya maneno yake yaniume. "Mwalimu," alisema, "kina mama wa cherehani wanaomba ule ukumbi tangu mwaka jana. Mimi niliwaambia wangoje. Tutafanya jaribio lingine Septemba, sivyo? Matokeo yakiwa haya haya, itabidi tuwape." Nikasema sawa, mzee. Nilienda chumbani, nikajifungia, nikalia kimyakimya kwa sababu ya ule ukuta. Haikusaidia. Baada ya muda kidogo sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, ilipitishwa juu ya mbao, kwanza mkono, kisha sahani, kisha sauti ya Jedida. "Shika, ni moto. Kulia na njaa ni kazi mbili."

Wiki mbili baadaye, Jumapili alasiri, nilikuwa nimelala chali na karatasi ya Jedida kifuani, nikiisoma tena kana kwamba itaniambia kitu, ndipo kelele zikaanza kwenye ujia. Pipa la maji la ploti, ambalo wote tulichangia kulijaza siku bomba likitoa maji, lilikutwa tupu. Niliisikia sauti ya Jedida ikinyamazisha nyingine zote.

"Nani amemaliza maji ya pipa?"

Baba Brayo, fundi viatu wa chumba cha mwisho, akakohoa. "Mama Faith, unajua jana nimetoka kazi nimechoka, na hii vumbi ya Karagita, watoto walikuwa—"

"Nimeuliza nani."

"Sasa si ndio nakuambia, nguo za shule zilikuwa chafu, na mama yao alikuwa—"

"Baba Brayo. Nani ni jina. Moja. Ukishalitaja, nyamaza."

 Mtu mmoja alicheka akajizuia.

"Ni mimi."

"Asante. Sasa eleza."

Akaeleza. Mke wake akataka kumkatiza, Jedida akamwambia, "Wewe ngoja, yako inakuja." Baba Brayo akaongea mpaka akaishiwa, na katika kuongea kwake akasema pia, kwa uchungu wa kweli, kwamba yeye ndiye hubeba maji ya pipa lile mara nyingi kuliko wote na hakuna anayemshukuru. Kisha mkewe akasema yake. Kisha Jedida akauliza tofauti ya aliyosema mume na aliyosema mke, watu wakacheka, na mwishowe akaamua: Baba Brayo ataleta mitungi miwili leo, na kuanzia kesho kubeba maji kutakuwa kwa zamu, kila chumba, hata chumba cha ticha.

Nilikuwa nimeshaketi wima. Niligonga mbao kwa kiganja. "Mama Faith!"

"Ni nini, Ticha? Tumekupigia kelele?"

"Umesema nani ni jina moja, ukishalitaja unyamaze."

"Ndiyo."

"Na mimi hapa nimekuambia utaje aina mbili za ukosefu wa ajira, ukaniletea mke wa ndugu yako."

 Upande wa pili kicheko kikaanza chini, kikapanda, mpaka mbao zikatetemeka na vumbi likadondoka kwenye blanketi langu. "Kwa hivyo mimi ndio Baba Brayo!"

"Wewe ndiye Baba Brayo."

Nimehudhuria mafunzo mengi ya ualimu tangu siku ile, mengine katika hoteli zenye chai nzuri, lakini sikumbuki hata moja lililonipa kitu kama nilichokipata kupitia ule ukuta. Nilikuwa nimewafundisha somo lote bila kuwafundisha swali. Mimi mwenyewe, shuleni, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba lile neno dogo mwanzoni mwa swali ni amri, na kwamba kila amri inataka kitu chake. Nilikuwa nimelibahatisha tu, na kwa kulibahatisha nikadhani kila mtu analijua. Jumamosi iliyofuata nilifuta ubao wote. Sikuandika mada. Niliandika maneno ya mtihani, yale ya Kiingereza, na kila moja tukalitafutia mahali pake kwenye ugomvi wa pipa. Kutaja ni kusema ni nani, ukae. Kueleza ni kusema ni nani na kwa nini, na hiyo 'kwa nini' isipokuwapo umepoteza nusu ya alama. Kutofautisha ni kuwasimamisha wawili bega kwa bega, kwa jambo lile lile, si kumsema mmoja leo na mwingine kesho. Baba Brayo mwenyewe, ambaye hakuwa mwanafunzi, alikuja kusimama mlangoni aone anavyofundishwa, akaonekana kuridhika na umaarufu wake.

Niliwaketisha Jedida na Korir pamoja. Korir alikuwa mtu wa steji, pale boda boda hungoja abiria. Mteja akisema, "Hospitali," yeye hutaja nauli na kuwasha pikipiki. Hakuona sababu ya maneno mengine duniani. Jedida akapewa kazi ya kumuuliza "Kwa hivyo?" kila alipomaliza sentensi, mpaka sentensi ya pili itoke. Korir naye akapewa kalamu nyekundu na ruhusa ya kukata kila kitu ambacho Jedida aliandika baada ya swali kuwa limejibiwa. Alikata kwa furaha kubwa. "Mathe, hapa ulikuwa umefika. Ulishuka, ukalipa, kisha ukapanda tena." Jedida alimpiga bega, lakini aliandika upya. Homa ile ikaambukiza ploti nzima. Wanawake wakichota maji walisema, "Taja bei ya sukuma wiki leo, usieleze." Mama Brayo alimwambia mumewe mbele ya watu, "Tofautisha wewe na kochi," na yule mtu akanyanyuka kweli akaenda kurekebisha mlango uliokuwa umelegea tangu Pasaka. Jumapili baada ya darasa tulikula kwa Jedida, sote tulioweza kuingia, wengine kitandani, wengine kwenye mitungi iliyogeuzwa, pazia la maua limefungwa kando. Alikaanga samaki wa ziwani mpaka mkia ukavunjika kama biskuti, ugali ukamwagwa kwenye sinia moja, na tukala huku tukibishana kuhusu mfumuko wa bei kwa midomo iliyojaa. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha zaidi katika chumba kidogo zaidi.

Septemba wakafanya jaribio la pili. Mzee Ezekieli alikuja kuchukua matokeo mwenyewe, akayasoma amesimama, akavua kofia, akayasoma tena. "Hawa ni wale wale?" aliuliza. Nikasema ni wale wale. Akasema kina mama wa cherehani watapewa vestri, kile chumba cha kubadilishia mavazi ya ibada. Watu waliimba. Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo moja katika karatasi ya Jedida ambalo halikuniacha niimbe vizuri. Alikuwa amefanya maswali yote vizuri isipokuwa la mwisho, lililobeba alama nyingi, ambalo lilisema jadili mchango wa kampuni kubwa za kigeni katika uchumi wa nchi inayoendelea. Alikuwa ameandika madhara peke yake. Ameyaandika kwa ustadi, moja baada ya jingine, kila moja na maelezo yake, na upande wa pili hakuna hata neno.

Nilimwambia baada ya darasa, wengine walipoondoka. Nilisema jadili inataka pande zote mbili, na kwamba amejinyima nusu ya alama. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani, mikono ikasimama.

"Unataka niandike wema wao."

"Mtihani ndio unataka, Mama Faith."

"Ticha, mwaka juzi nilimsindikiza msichana wa rika lako mpaka geti, amefukuzwa kwa sababu alikuwa mjamzito na hakuweza kusimama zamu nzima. Nilienda ofisini mara tatu kumsemea. Nikaambiwa nirudi kwa meza yangu. Leo niandike kwa mkono huu, kwa Kiingereza kizuri, ati wanasaidia uchumi? Siwezi kusema uongo ili nipewe maksi."

"Si uongo. Ni kujibu swali."

Nilisema kwa sauti ya mwalimu, ile kavu. Alinitazama kama mtu aliyemwona mtoto akijaribu viatu vya baba yake, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata hakuja darasani. Korir alikaa na kalamu yake nyekundu bila mtu wa kumkata. Na nyumbani, juu ya ule ukuta, sikupata tena sahani wala wimbo. Nilisikia mafuta yakichemka, nikasikia Faith akisoma kwa sauti ya chini, na Jedida akimjibu kwa neno moja moja. Sikujua kwamba ukuta wa mbao unaweza kuwa mnene vile. Mtihani wenyewe ulikuwa mwezi uliofuata, na usiku nilijilaumu kwamba nimempoteza kwa sababu ya alama chache.

Nilinunua samaki mkubwa kuliko pesa yangu, nikagonga mlango wake alasiri ya Jumapili. Alifungua, akamtazama samaki kabla ya kunitazama mimi. "Huyo hujui kumtoa magamba," alisema, akanipisha. Tulifanya kazi kimya, yeye kisu, mimi beseni. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi na yote yakanitoroka. Niliuliza tu swali ambalo kweli nilitaka kulijua.

"Siku ile ya pipa, ulijua ni Baba Brayo kabla hajasema?"

"Kila mtu alijua. Ujia ulikuwa na maji mpaka kwa mlango wake."

"Basi mbona ulimwacha aongee mpaka mwisho?"

Aliendelea kukwangua magamba. "Kwa sababu ningemkatiza, angesema hajasikilizwa. Na hukumu yangu haingesimama. Na pia," akapumzisha kisu, "yale ya kubeba maji peke yake yalikuwa kweli. Singeyajua."

Sikusema kitu. Hiyo ndiyo hekima pekee ninayojivunia katika umri ule, kwamba nilinyamaza. Alimgeuza samaki upande wa pili. Alimkwangua wote, akamsuuza, akampaka chumvi, akaweka sufuria kwenye makaa.

"Na mwisho," alisema hatimaye, akiwa amenipa mgongo, "nikishawaacha waongee, mwisho anaamua nani?"

"Wewe. Sehemu ya mwisho ni yako. Ukisema madhara yanazidi, useme, na useme kwa nini. Hakuna anayekukataza."

"Hukuniambia hiyo."

"Sikukuambia." Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwambia pande mbili kama mtu anayegawa ugali, nikasahau kumwambia kuna hukumu.

Tulipomaliza kula alifuta meza, akamwomba Faith kalamu, akaandika mbele yangu. Aliandika madhara kwanza, upesi. Kisha akakaa muda mrefu kalamu ikiwa hewani. "Zahanati," alisema. "Faith alizaliwa zahanati ya shamba. Sikulipa kitu. Hiyo si uongo." Akaandika. Kisha akaandika ajira, kwamba mstari mzima wa vyumba vyetu ungekuwa shamba la mahindi la mtu mmoja bila ile kazi. Kisha akaandika ujuzi, ule aliowapa wale vijana wenye vyeti, akacheka kidogo peke yake. Aya ya mwisho aliandika polepole, akiisoma kwa sauti ya kunong'ona, ikisema kwamba faida hizo ni za kweli lakini nchi haipaswi kuzilipia kwa heshima ya wafanyakazi wake, na kwamba sheria zikishika, zote mbili zinawezekana. Mimi ningempa alama zote. Nilitaka kumkumbatia lakini alikuwa na harufu ya samaki, na mimi pia, kwa hivyo tulipeana mikono kama watu wa ofisini, tukacheka mpaka Faith akauliza kuna nini.

Mtihani waliufanyia katika shule moja ya mjini Naivasha, watu wazima wameketi katikati ya watoto wenye sare. Siku ya karatasi ya Biashara nilibaki kwenye ploti nikipika chai na kuimwaga. Jedida alirudi kabla ya magharibi akiwa amekaa nyuma ya pikipiki ya Korir, viatu vya kanisani mkononi. Niliwakimbilia.

"Jadili ilikuja?"

"Ilikuja. Wauzaji wa rejareja, wana umuhimu ama wapunguzwe."

"Na ukafanyaje?"

"Niliwasikiliza wote," alisema, akishuka kwa madaha. "Kisha nikaamua."

Matokeo yalitoka mwaka mpya ukiwa umeanza. Enzi hizo uliyaomba kwa ujumbe wa simu, na simu yenye chaji ilikuwa ya Baba Brayo, kwa hivyo ni yeye aliyetangaza kwenye ujia kama mchungaji. Si wote waliopita. Wawili walirudia mwaka uliofuata na mmoja aliacha kabisa. Korir alipata C ya juu katika Biashara, akawasha pikipiki na kuzunguka ploti bila abiria. Jedida alipata B ya chini. Alimwomba Baba Brayo asome tena. Akasoma tena. Akaomba aone mwenyewe, akaishika ile simu kwa mikono miwili, akakaa chini pale pale kwenye saruji, na wanawake wakamzunguka pande zote wakipiga vigelegele mpaka watu wa ploti ya pili wakaja kuuliza ni harusi ya nani.

Usaili wa kazi ya usimamizi ulifuata baada ya wiki chache. Siku hiyo nilimngoja kwenye benchi nje ya mlango wangu. Alikuja akitembea, hana haraka, akaketi, akavua viatu, akakanda vidole vya miguu. Nilishindwa kuvumilia.

"Wamesema nini?"

"Walikuwa watatu. Yule wa kati akaniambia, taja udhaifu wako mmoja. Nikasema, sauti yangu ni kubwa. Nikanyamaza. Wakangoja. Na mimi nikangoja. Wakatazamana. Yule mama wa pembeni akasema, endelea. Nikamwambia, madam, mmesema nitaje. Mkitaka nieleze, nitaeleza."

"Mungu wangu. Halafu?"

"Walicheka. Yule wa kati alicheka mpaka akavua miwani. Halafu wakasema, haya, eleza. Nikaeleza." Alinyoosha miguu juani. "Naanza Jumatatu."

Nilipiga kelele zilizoleta watu milangoni. Jedida aliniacha nipige, kisha akanigeukia, uso wake umetulia, akaniuliza swali ambalo mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza, hata mimi mwenyewe. Chuo kikuu kilikuwa kimeniita kusomea kazi za maabara, kozi niliyoijaza kwa sababu mtu fulani alisema ina ajira. Barua ilikuwa chini ya godoro langu tangu katikati ya mwaka, na nilikuwa sijaipenda wala kuikataa.

"Na wewe, Ticha? Unataka kuwa nini?"

"Mwalimu," nilisema. Lilitoka kabla sijalifikiria. "Mwalimu wa uchumi."

Jedida alisimama bila viatu, akaweka mikono mdomoni, na kwa ile sauti yake ya kwaya akaitangazia ploti yote, mistari yote miwili, hadi chumba cha mwisho: "Ticha anabaki kuwa ticha!" Milango ikafunguka, Mama Brayo akatoka na sufuria mkononi akiipiga kwa kijiko, na mimi nikiwa katikati ya ule ujia, nikisukumwa na kuvutwa na mikono ya majirani na wanafunzi wangu, nikaanza kucheza.